Jaribio la Pili: Uwanja wa Riadha na Somo la Hesabu

Hotuba ya mwalimu mwanafunzi wa hesabu na fizikia, iliyotolewa mbele ya walimu, wazazi na wanafunzi wa shule moja ya sekondari mjini Lubumbashi, mwishoni mwa kipindi chake cha staji, yaani mafunzo ya ualimu kwa vitendo.

Bwana Prefe wa Masomo, Bwana Mkurugenzi wa Masomo, walimu mlionipokea katika madarasa yenu, baba zetu na mama zetu mlioacha shughuli zenu ili mje kutusikiliza, wastajieri wenzangu, na ninyi vijana wa humanite, yaani sekondari ya juu, ambao ndio sababu ya sisi sote kukutana hapa, nawasalimu kwa heshima kubwa.

Nimeombwa niseme staji imenifunza nini. Wenzangu watazungumzia fishi za matayarisho, jurnali ya darasa na namna ya kugawa saa ya somo, nao watayasema hayo vizuri. Mimi naomba ruhusa yenu nizungumzie uwanja ulio nyuma ya shule hii, ambako wanafunzi walijiandaa kwa mashindano ya riadha baina ya shule, na ambako mwalimu wa michezo alinikaribisha nimsaidie kushika saa na kuandika matokeo. Kadiri nilivyosimama pale kando ya mistari ya chokaa ndivyo nilivyozidi kuona kwamba mwalimu yule, asiye na ubao wala chaki, anaifanya kila siku kazi ambayo darasa letu, kwa jinsi lilivyopangwa, linatufanya tuisahau. Uwanjani mtoto akishindwa huambiwa papo hapo ni kitu gani hasa hakikwenda sawa, kisha huruhusiwa kujaribu tena kabla hajakisahau alichoambiwa. Darasani tunampa nafasi moja na tarakimu moja, halafu tunasonga mbele. Neno langu lote la leo ni kwamba mambo hayo yanaweza kubadilika katika shule zetu, na kwamba mabadiliko hayo hayangoji fedha za mtu yeyote.

Tazameni zoezi la kuruka juu. Hatuna nguzo za chuma wala fito ya kisasa. Kuna miti miwili iliyopigiliwa misumari kila baada ya sentimita 5, kamba iliyofungwa vifuko vya mchanga kwenye ncha zake ili ianguke inapoguswa, na shimo la mchanga ambalo wanafunzi wenyewe hulichimbua kwa jembe kabla ya mazoezi ili lisiwe gumu kama njia. Msichana mmoja wa darasa la pili la humanite, ambaye katika somo langu hakuwahi kunyosha kidole, alikuwa akijaribu kuvuka sentimita 125. Alikimbia, akaruka, kamba ikaanguka pamoja naye. Mwalimu hakumwambia ajitahidi, wala hakumwambia amekosa, kwa kuwa hilo kila mtu alikuwa ameliona. Alikwenda mpaka mahali ambapo mguu wake wa kurukia ulikuwa umeacha alama katika vumbi, akainama, akamwonyesha kwa kidole na kusema: "Angalia, umerukia karibu mno, unapopanda kamba imeshakufikia. Ondokea hapa." Akachora mstari kwa kisigino, unyayo mmoja nyuma ya ile alama. Msichana akarudi, akahesabu hatua zake, akaruka, na safari hii mguu wa kwanza ukapita lakini kisigino cha mguu wa pili kikaigusa kamba. Mwalimu akamwambia jambo moja tu, kwamba aunyanyue ule mguu wa pili mapema zaidi. Mara ya tatu kamba ilitikisika, ikabaki juu ya misumari.

Naomba mwone jinsi mambo yalivyofuatana. Neno la mwalimu lilitolewa wakati alama ya mguu bado ingali vumbini, hivyo mtoto aliweza kulinganisha maneno na kitu kilichoko mbele ya macho yake. Lilikuwa neno moja, si hotuba juu ya mikono, kichwa, pumzi na moyo wa kujituma. Na baada ya neno hilo mtoto hakupewa pointi, alipewa zamu nyingine.

Sasa mchukueni msichana huyohuyo mmuingize darasani. Katika interogasio, yaani jaribio fupi, ya milinganyo tuliwapa swali hili: 3x − 5 = 7 + x. Yeye aliandika kwamba 3x + x = 7 + 5, akapata 4x = 12, na x = 3. Jibu sahihi ni 6. Kwa kanuni ya kusahihisha jibu tu, hiyo ni sifuri, na hakuna anayeweza kusema si haki. Lakini mwenye kuitazama karatasi ile kama mwalimu wa michezo alivyoitazama alama ya mguu ataona kwamba mtoto huyu alijua kukusanya pande mbili, aliihamisha ile 5 kwa namna iliyo sahihi, alijua kugawanya, na kwamba kosa lake lote limo katika alama moja ya kujumlisha ambayo ingekuwa ya kutoa pale x ilipovuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Umbali kati yake na jibu ni unyayo mmoja. Karatasi ikirudi baada ya wiki mbili ikiwa na sifuri nyekundu, wakati darasa limeshahamia kwenye mada nyingine, ataikunja ataitia ndani ya daftari, na ataondoka na imani kwamba hesabu si ya watu kama yeye.

Kwa ruhusa ya mwalimu aliyenisimamia, tulijaribu njia nyingine. Katika kila interogasio tulichagua swali moja tu, tukalisahihisha usiku uleule, tukazungushia duara mahali ambapo hoja ilivunjika, tukaandika neno moja pembeni, na kesho yake kila mwanafunzi akalirudia swali hilo kwa dakika chache mwanzoni mwa somo na kupewa pointi za jibu lake jipya. Kwa msichana niliyemtaja niliandika tu: "Angalia x inapovuka." Aliangalia. Akalirudia swali, akapata 6, na swali lililofuata, lenye umbo hilohilo na tarakimu nyingine, akalikamilisha bila msaada. Sidai kwamba amekuwa mwanahesabu. Nasema kwamba alifika mahali ambapo asingefika kwa sifuri peke yake.

Najua walimu mnanisikiliza mkiwaza idadi ya wanafunzi. Mwalimu mwenye darasa la watoto sitini, ambaye mchana anakwenda kufundisha shule ya pili ili apate kuilisha nyumba yake, hawezi kuandika maneno kwenye kila swali la kila karatasi. Ndiyo maana nasema swali moja. Mwalimu wa michezo naye ana watoto wengi, naye hasahihishi mwili mzima kwa siku moja. Huchagua kiungo kimoja, na vingine huviacha vingoje. Tena makosa ya darasa zima katika swali moja huwa ni ya aina tatu au nne, hivyo mkono unaoandika hauchoki kama mtu anavyodhani kabla hajaanza.

Kuna kanuni ya kuruka juu ambayo ningependa wazazi waijue, kwa sababu mimi imenibadilisha namna ninavyowatazama wanafunzi. Kanuni za kimataifa humruhusu mshindani kushindwa, na anapofikisha mara tatu mfululizo ndipo hutolewa. Anayefaulu huinuliwa kamba, akifaulu tena huinuliwa tena. Maana yake ni kwamba hata bingwa, asipoamua mwenyewe kuacha, humaliza siku yake kwa kuangusha fito mbele ya watu wote, kisha hupanda jukwaani kuvishwa medali. Rekodi ya dunia ya wanaume, mita 2.45, aliiweka Javier Sotomayor wa Kuba mwaka 1993. Rekodi ya wanawake, mita 2.10, aliiweka Yaroslava Mahuchikh wa Ukraini mwaka 2024. Hao wote walifika huko ndani ya mchezo ambao kushindwa kumeandikwa ndani ya sheria zake kama sehemu ya kawaida ya kazi. Darasani kwetu kushindwa kumeandikwa wapi, kama si kwenye buletini ya matokeo?

Vilevile kuna habari ya Dick Fosbury, nayo inatuhusu sisi wa shule za sekondari moja kwa moja, kwa sababu ilianzia katika shule ya sekondari. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Fosbury alikuwa mwanafunzi mjini Medford, katika jimbo la Oregon, Marekani. Wakati ule warukaji walifundishwa kuvuka fito wakiwa wameielekezea tumbo, na mtindo huo haukumkubali hata kidogo. Aliomba arudie mtindo wa zamani wa mkasi, ule ambao wanafunzi wetu wanautumia hapa, na mwalimu wake akamkubalia ingawa hakuuamini. Mwaka 1963, akiwa na umri wa miaka 16, katika shindano moja alianza kulegeza mgongo na kuinua nyonga ili asiiguse fito, na kila ilipoinuliwa alizidi kulala nyuma. Baadaye mwili wake ulikuwa unapita kichwa kikitangulia na uso ukitazama mbingu. Mwaka 1968 aliruka mita 2.24 kwenye Michezo ya Olimpiki ya Mexico na kuchukua medali ya dhahabu, na leo karibu kila mrukaji mkubwa duniani anaruka kama yeye.

Watu huisimulia habari hiyo kama habari ya kipaji. Mimi naona ndani yake mambo mawili ambayo si kipaji. La kwanza ni yule mwalimu aliyekubali kijana arudi nyuma kwenye njia anayoiweza, badala ya kumlazimisha abaki katika njia iliyo nzuri kwa wengine. La pili ni mahali pa kuangukia. Shule ya Fosbury ilikuwa miongoni mwa shule za mwanzo kuweka godoro laini la povu badala ya mchanga na maranda ya mbao, na bila godoro hilo hakuna kijana mwenye akili timamu angejaribu kutua kwa mgongo na shingo. Hapa kwetu nimewakataza wanafunzi kabisa wasiuige mtindo huo, kwa sababu shimo letu ni la mchanga na shingo ya mtoto haina ya pili. Na ndivyo lilivyo darasa: mtoto hujaribu jibu gumu kulingana na mahali atakapoangukia. Palipo na kicheko cha wenzake na ulimi mkali wa mwalimu, atachagua kunyamaza, na kunyamaza kwake ni busara. Nimeona darasa moja ambalo mwalimu wake, mwanafunzi anapokosea ubaoni, huuliza kwanza: "Nani anaona alichokifanya vizuri?" Katika darasa hilo vidole hupanda. Godoro la darasani ni sentensi kama hiyo, na haiuzwi dukani.

Nimesema kwamba uwanja unatufundisha namna ya kufundisha. Unatupa pia cha kufundisha, na hapo ndipo furaha yangu kubwa ya staji ilipotoka.

Siku moja wakati wa mbio za mita 100, vijana wawili waliosimama kwenye mstari wa kumalizia na simu zao walipima mbio za mkimbiaji mmoja wakapata nyakati tofauti, mmoja akiwa chini ya mwenzake kwa sehemu tatu za kumi za sekunde. Kila mmoja alimwona mwenzake mwongo. Walipoulizwa walivyofanya, ikajulikana kwamba mmoja alibonyeza simu alipoona kitambaa cha mwanzishaji kikishuka, na wa pili alipoisikia filimbi. Kesho yake asubuhi nililiandika tukio hilo ubaoni bila kueleza chochote, pamoja na mwendo wa sauti hewani, ambao ni karibu mita 340 kwa sekunde. Darasa lilikaa kimya, kisha mtu mmoja akagawanya 100 kwa 340 na kupata 0.29. Filimbi ilikuwa imechelewa kufika, na hakuna aliyekuwa mwongo, ila aliyetumia sikio alikuwa amempunguzia mkimbiaji muda asiostahili kupunguziwa. Ndiyo maana wapima muda wa mashindano rasmi hufundishwa kutazama moshi au mwako wa bastola na wasingoje mlio. Mtaala mpya wa hesabu na sayansi unatutaka kila somo lianze na hali halisi ya maisha. Hali halisi ilikuwa nyuma ya ukuta wa darasa, ikitifua vumbi.

Kutoka hapo tulikwenda kwenye kasi. Wanafunzi wengi waliamini kwamba bingwa wa mita 100 huongeza mwendo tangu mwanzo hadi mwisho. Nikawapa vipimo vya Usain Bolt vya mbio za Berlin za mwaka 2009, alipokimbia kwa sekunde 9.58: mita 20 za kwanza sekunde 2.89, za pili 1.75, za tatu 1.67, za nne 1.61, za tano 1.66. Kasi ya wastani ya mbio nzima ni mita 10.44 kwa sekunde. Lakini katika mita 20 za kwanza ni 6.92 tu, kati ya mita 60 na 80 inafika 12.42, ambayo ni zaidi ya kilomita 44 kwa saa, na katika mita 20 za mwisho inashuka hadi 12.05. Yule mwenye mbio kuliko binadamu wote waliowahi kupimwa naye hupungukiwa mwishoni. Anachokiweza kuliko wengine ni kupungukiwa kidogo. Baada ya hapo wanafunzi walitaka vipimo vyao wenyewe, wakajipanga kila mita 20 na simu zao, na mchoro walioutoa ukaeleza tofauti ya kasi ya wastani na kasi ya papo kuliko fasili yoyote ambayo ningewaandikisha.

Kuna na suala la kuanzia mbio za kuzunguka uwanja. Tulichora njia za upana wa mita 1, na wakimbiaji wa njia za nje wakadai wasogezwe mbele, jambo lililo haki yao. Kwa kiasi gani? Hesabu inasema kwamba kwa mzunguko mzima kila njia inaizidi iliyo ndani yake kwa mara mbili ya π ikizidishwa kwa upana wa njia, yaani mita 6.28, na kwamba ukubwa wa uwanja hauingii katika jibu. Kijana mmoja alikataa katakata: haiwezekani uwanja wetu mdogo na uwanja mkubwa wa mjini, wa Kibassa Maliba, vipate tarakimu ileile kama njia zina upana uleule. Alichukua dekameta, ule utepe wa kupimia, na mwenzake wakapima. Walirudi wakiwa na mita 6 na sentimita 30, na uso wa mtu aliyekutana na kitu cha ajabu. Naamini ule uso ndio sababu watu huchagua kazi ya ualimu.

Jambo jingine nililoliona pale ni la lugha. Darasani tunafundisha kwa Kifaransa, kama sheria ya shule zetu inavyotaka katika sekondari, nami sina ugomvi na hilo, kwani Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, itawajia kwa Kifaransa. Lakini uwanjani wanafunzi wanabishana kwa Kiswahili, na katika ubishi huo nimesikia hoja za fizikia zilizo kamili, zenye sababu na matokeo, zikitoka kwa watoto ambao darasani hujibu kwa neno moja huku wakitazama meza. Yule msichana wa kuruka juu ndiye aliyewaeleza wenzake kwa nini hatua ndefu ya mwisho humpunguzia mtu urefu wa kuruka. Ufahamu alikuwa nao. Mlango wa kuutolea ndio uliokuwa mwembamba. Tangu hapo nilikuwa nikiwapa dakika chache wajadiliane swali kwa Kiswahili kwanza, kisha tunaandika hitimisho pamoja kwa Kifaransa, na karatasi zao za Kifaransa zikawa ndefu kuliko zilivyokuwa.

Naomba niseme pia neno la afya, kwa ufupi kwa kuwa wako hapa wanaolijua kuliko mimi. Anayekaa kwenye dawati na tumbo tupu huonekana mvivu. Anayekimbia na tumbo tupu huanguka. Wapo watoto wanaotembea kwa miguu kutoka Katuba au Ruashi kabla ya mapambazuko, bila chai, na ni uwanja uliotufungua macho, kwa sababu mwalimu wa michezo huwauliza kabla ya mazoezi nani hajala na nani alikuwa na homa jana. Swali hilo lingestahili kuulizwa na kila mwalimu wa saa ya kwanza. Na mtoto mwenye homa asikimbie. Hilo halina mjadala katika mji wenye malaria.

Sasa, lipo jambo la uwanjani ambalo sitaki liingie darasani, nalo ni mstari wa kumalizia. Katika mbio lazima awepo wa kwanza na lazima awepo wa mwisho, na huyo wa mwisho anaonekana na watu wote. Shule zetu zimeshalichukua jambo hilo kwa wingi: siku ya proklamasio, ya kutangaza matokeo, tunasoma nafasi za wanafunzi kwa sauti, kuanzia wa kwanza. Ninachokiomba kichukuliwe kutoka kwenye riadha ni kile kinachotokea siku za mazoezi, ambapo mtoto hushindana na kipimo chake cha wiki iliyopita. Mwalimu wa michezo ana daftari lenye safu kwa kila mwanafunzi, na mvulana anayekuja wa mwisho kila mara katika mita 400 anajua kwamba tangu Januari amejipunguzia sekunde kadhaa, na anazijua kwa hesabu kamili. Hakuna mwanafunzi wa darasa langu aliyeweza kuniambia, kwa uhakika kama ule, ni kitu gani cha hesabu anakiweza leo ambacho hakukiweza mwezi wa pili. Daftari la namna hiyo hugharimu kurasa chache tu.

Wazazi wetu, sehemu iliyobaki nawaelekezea ninyi, nikianza na mabinti. Katika darasa la saba na la nane wasichana na wavulana wako uwanjani kwa idadi inayokaribiana. Wanapoingia humanite wasichana wanapungua, na sababu nilizozisikia kutoka kwao ni hizi: hakuna mahali pa faragha pa kubadilishia nguo, siku za hedhi hakuna maji wala vitambaa, na wakichelewa kurudi nyumbani kazi za jioni zinawangoja wao na si kaka zao. Mbili za kwanza ni kazi ya shule. Ya tatu ni ya kwenu, na mama aliyeketi nyuma pale ambaye kila siku ya mazoezi amekuwa akimwachia mwanawe wa kiume kuchota maji ili dada yake afanye mazoezi, ametuonyesha kwamba inawezekana.

Neno jingine ni la wanaosema michezo inawapotezea watoto muda wa masomo. Nawaomba wakumbuke historia ya mji huu. Klabu ya Tout Puissant Mazembe, ambayo imetwaa ubingwa wa Afrika mwaka 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015, na ambayo mwaka 2010 ilikuwa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, ilianzishwa mwaka 1939 na mapadre Wabenediktini waliokuwa wakiongoza shule ya Saint-Boniface, kwa ajili ya wanafunzi wao. Naona walimu hao walifikiri kwamba shule isiyo na uwanja ni nusu ya shule. Shirika la Afya Duniani nalo linapendekeza kwamba mtu wa umri kati ya miaka 5 na 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli za kumtoa jasho. Watoto wetu wengi hupata dakika hizo kwa kubeba ndoo na kutembea mbali, jambo ambalo si mchezo.

Na ninyi walimu, ndugu zangu wakubwa katika kazi hii, naomba kwa heshima yote tuache kuwakimbiza wanafunzi kuzunguka uwanja kama adhabu ya kuchelewa au ya kusahau daftari. Nimemwona mwanafunzi mwenye miguu mizuri akikataa kujiunga na timu kwa sababu kwake uwanja ulikuwa mahali pa kuaibishwa. Hatumwadhibu mtoto kwa kumpa hesabu za ziada halafu tukategemea aipende hesabu, na kama tunafanya hivyo, hilo nalo tuliache.

Lililobaki ni ombi moja lenye tarehe. Bwana Prefe, ratiba ya muhula unaokuja inaandikwa wiki hii. Katika shule nyingi saa ya michezo ya darasa la nne la humanite huondolewa ili wanafunzi wapate saa moja zaidi ya kujiandaa kwa Exetat, nami ninaelewa hofu inayoleta uamuzi huo, kwa kuwa mtihani huo ndio mlango wa chuo kikuu. Lakini watoto hao ndio wanaoketi kwa muda mrefu kuliko wote, ndio wanaolala kidogo kuliko wote, na wao ndio nimewaona wakitetemeka mbele ya karatasi ya majaribio. Naomba saa yao ibaki mahali pake, siku ya Jumatano. Mwalimu wa michezo amekubali kuishika, mwalimu wa fizikia amekubali kuitumia Alhamisi kwa vipimo vitakavyopatikana, na wanafunzi wa darasa hilo wameahidi kuchimba shimo jipya la kuruka kabla mvua hazijaanza, mkiwaletea gari moja la mchanga.